Bado Sahihi Tu

Jerotich anamtunza Mama Lorraine, mwalimu mstaafu wa miaka tisini na mmoja, huku Silver Spring, jimboni Maryland, Marekani. Juzi, akimkanda miguu, alimwambia kwamba amepata uraia na Novemba hii atapiga kura.

Mama Lorraine akacheka. "Maryland yetu ilikataa wanawake wapige kura mwaka 1920. Ilikuja kuridhia 1941."

"Kwa hiyo mlingojeshwa miaka ishirini na moja?"

"La, wanawake walipiga. Majimbo mengine yalitosha kupitisha sheria ya nchi nzima."

"Sasa ruhusa ya 1941 ilikuwa ya nini?"

"Nimefundisha hilo miaka thelathini, na sijui."

Jambo hilo lilikataa kabisa kumwingia Jerotich akilini. Jioni aliteremka kwenye basi bado linamsumbua, akamkuta mumewe, Phineas, mezani na bahasha mbili za kura zilizoletwa kwa posta. Phineas ndiye hujaza fomu zote za nyumba ile: za kodi, za uhamiaji, za shule. Hata majirani humletea zao.

"Yako nimeshajaza, Mama Cheptoo," alisema kwa upole. "Bado sahihi tu."

Jerotich alishika kalamu. Hakujua ashukuru au apige kelele. Fomu za mtu huyu hazijawahi kurudishwa hata moja.

"Umenichagulia nani?"

"Si wale wale wangu?"

Akairudisha kalamu mezani. "Baba Cheptoo, Maryland ilikataa, na wanawake wakapiga. Kesho naenda kituo cha kura mwenyewe. Wewe utaridhia mwaka wowote utakaopenda."