Siku Kamati Iliponiita Ofisini

Nimeona niwaambie mwenyewe, kabla hamjayasikia sokoni Giakanja.

Marehemu mume wangu alikuwa akiendesha mashine ya kumenya kahawa kiwandani kwetu. Baada ya mazishi nilimwomba meneja kazi hiyo, kwa sababu miaka mingi nilimsaidia mume wangu kuifungua na kuisafisha. Tunakaribia mwaka wa elfu mbili, lakini kwetu wanawake bado wanachambua kahawa tu.

Wiki iliyopita meneja akaniambia, "Mama Wambui, kesho kamati inataka kukuona."

Nikajua ni mahojiano. Nilipiga pasi kitambaa changu cheusi cha kichwa, nikakariri majibu nikikamua ng'ombe, hadi akageuka kunitazama.

Nilipoingia ofisini, wazee wote walisimama na kuvua kofia. Heshima gani hii! Mwenyekiti akasema, "Mama, simama hapa katikati tuanze." Wakainamisha vichwa. Nikadhani wanataka kunisikiliza vizuri, nikaanza kwa sauti kubwa:

"Mashine ikimeza jiwe, kwanza unazima injini. Mkanda ukilegea, unaukaza polepole..."

Nilikuwa nimefika kwenye grisi mzee mmoja alipofungua macho.

"Ati nini? Mama, tumekuita tukuombee kwa sababu ya msiba!"

Mwingine akaficha kicheko ndani ya kofia. Uso ukaniwaka moto, lakini sikutoka.

"Basi niombeeni," nikasema, nikifumba macho. "Mwambieni Mungu ninataka kazi ya mashine. Meneja nilishamwambia."