Siku Saba Lamu kwa Ajili ya Kidole cha Ami Awadhi

Amri ilifika Chundwa siku ya Ijumaa, ikasomwa nje ya msikiti baada ya sala: kila mtu mzima aliyezaliwa nje ya nchi aende Lamu kuandikishwa kabla ya mwezi kwisha. Asiyeandikishwa atarudishwa kwao. Watu wakamgeukia Ami Awadhi, naye akainamia makubadhi ya miguuni mwake.

Ami Awadhi si ami yangu wa damu. Ni Mshihiri, Mwarabu wa ng'ambo, aliyekuja kijijini kusokota kamba za makumbi ya nazi, akapanga chumba kwetu. Wazazi wetu walipofariki niliacha skuli, darasa la tatu, niwaangalie wadogo zangu, Esha na Athumani. Yeye hakuhama. Alizidisha kamba, tukala. Kwa hiyo safari hii ilikuwa yangu kama ilivyokuwa yake.

Jumatatu alfajiri tulipanda mashua, tukangoja maji yajae ndipo tukapita mkondo mwembamba wa Mkanda.

"Lali," Ami akaniambia, "wakinirudisha, nitamfikia nani? Walionijua kule wamekufa wote."

"Hurudi popote," nikamwambia, ingawa sikuwa na hakika yoyote.

Adhuhuri ilitukuta afisini. Karani, kijana wa Mombasa, alimpaka Ami wino kwenye kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi tupu. Akajaribu tena na tena, kulia na kushoto. Miaka ya kamba ilikuwa imefuta mistari yote.

"Mzee, vidole vyako umeviacha wapi?"

"Vimo katika kamba za mashua zote uzionazo hapo nje."

Karani akacheka, kisha akaiweka kalamu. Bila alama ya kidole hapana cheti. "Waashi nao hunijia hivi," akaniambia. "Mpumzishe siku saba, mpake mafuta, asiguse kazi. Mistari ikirudi, mlete."

Tulifikia mtaa wa Langoni, kwa Bi Rukia, shoga wa marehemu mama. Nilipomweleza, alipiga makofi.

"Siku saba ndani, kupakwa mafuta na kulishwa? Hiyo ni fungate! Ami Awadhi, bibi harusi yuko wapi?"

"Bibi harusi ni serikali," Ami akajibu. "Mahari yake kidole."

Kila asubuhi na kila jioni nilimkanda vidole kwa mafuta ya nazi, kimoja kimoja. Mikono ile ilitulisha miaka yote, lakini sikuwahi kuishika. Ilikuwa mikavu, na kiganja cha kulia hakikukunjuka sawasawa. Nilimfulia nguo, nikamchotea maji ya udhu. Aliona haya, akawa anageuza uso ukutani.

Siku ya nne nilirudi kutoka sokoni nikamkuta kwenye daka la mlangoni, anaisokota upya kamba kuukuu ya ndoo ya Bi Rukia. Nikampandishia sauti, mara ya kwanza maishani mwangu.

"Ami! Wataka kutuacha?"

Akaiweka chini kamba. "Mikono haijui kukaa, mwanangu."

"Basi nipe mikono niishike."

Niliishika mpaka adhana ya alasiri.

Siku ya nane tulisimama tena mbele ya karani. Kidole kikashuka, kikainuka. Ndani ya doa palikuwa na mistari myembamba, hafifu, imezungukana. Karani akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu hapa," akasema. Kisha akaendelea na maswali.

"Mke?"

"Sina."

"Watoto?"

"Sikuzaa."

"Una jamaa yeyote katika nchi hii?"

Nilikuwa nafungua kinywa niseme hana, mimi ni mwenye nyumba tu.

"Ninao watatu katika nti hii," Ami akasema. "Mkubwa ni huyu. Andika." Akatutaja kwa mpango, mimi, Esha, Athumani, kila mmoja na jina la baba yetu.

Tukiwa njiani kurudi nilimsomea cheti, kwa kuwa herufi za Kizungu hakuzijua. Alinitaka nirudie pale penye majina. Nikarudia, na baadaye nikarudia tena. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba huyu ni mpangaji wetu, kwa kuwa sikujua nimwiteje. Yeye alikuwa anajua tangu zamani, na alingoja tu aulizwe.

Tulipofika Chundwa, Esha alikuwa bandarini, ameingia majini mpaka magotini.

"Kaka, Ami wamemwandika?"

"Wamemwandika kuwa ni wetu," nikasema.