Bibi Aliyeogopa Kuambiwa Arudi Kwao

Nilimpigia simu jirani yangu wa Mambrui kuulizia hali ya bibi mshona kofia, akanijibu kwa ufupi, "Ameshatutoka." Wasomaji wangu hamkumjua. Alikuwa mpole, fundi wa vito, ile nakshi ya kofia, na maisha yake yote aliishi kwa hofu.

Chanzo alinihadithia mwenyewe. Baba yake alikuwa karani wa liwali, mwakilishi wa Sultani, na uhuru ulipokaribia alishikilia kwamba Mwambao ni wa Sultani, hautachanganywa na Kenya. Akatweka bendera nyekundu ya Sultani juu ya nyumba. Jioni moja umati ulijaa mlangoni ukitishia kuichoma nyumba na waliomo. Mzee akakataa katakata. "Nikiishusha, mimi nitakuwa nani?" Binti yake, mtoto bado, akapanda darini, akaishusha yeye. Watu wakaondoka wakicheka. Baba hakumpiga wala kumkaripia, ila hakulitaja tena jina la Sultani mpaka akafa. "Tangu siku ile," bibi aliniambia, "nikisikia watu wengi pamoja, hata wa harusi, hukimbilia kukomea mlango."

Msimu mmoja wa uchaguzi gari la kipaza sauti lilipita mtaani likitaka wageni, yaani watu wa asili ya Kiarabu kama yeye, warudi kwao. Akanipigia simu. "Mwanangu, wanakuja?" Nilimkuta amejikunyata ukumbini, milango imekomewa, na mama mmoja wa Kigiriama, muuza makuti wa jirani, ameketi nje, barazani pa bibi. "Wakija, watanianza mimi," alisema yule mama, nami nikaketi kando yake. Hatukuondoka mpaka kukapambazuka. Hakuja mtu. Hata hivyo bibi hakufungua madirisha kwa siku nyingi, na nilipomwamkia shikamoo, badala ya marahaba aliniuliza, "Nikifa, watakubali nizikwe hapa?" Nikamwambia asiwaze hayo. Lakini uhakika sikuwa nao.

Kaburi lake limechimbwa na wana wa yule muuza makuti, pale pale Mambrui, wala hakuna aliyeuliza asili yake. Baba yake alichagua upande ulioshindwa, na hofu ikamwangukia mtoto. Wenye vipaza sauti hupata kura wakaenda zao. Maneno yao hubaki nyumbani mwa mtu mpaka jeneza litoke. Basi tusingoje kaburi liseme kwa niaba yetu. Wazee kama yule tuwaambie wangali wanasikia: hapa ni kwenu.