Magoti ya Jedidah, Miguu ya Marcella

Sabato ile Jedidah aliamka na furaha ya kitoto, hata wajukuu wakashangaa kumsikia bibi yao akiimba jikoni kabla chai haijachemka. Sababu yenyewe ilikuwa magoti. Mama huyu wa Magunga, mwenye miaka sabini na kitu, alikuwa anakwenda kanisani kupiga magoti.

Usicheke. Magoti yale yalikuwa yamemgomea kwa miaka. Yalianza kwa kulia kama mlango mbovu, yakavimba, mwisho yakamfanya ashuke kitandani kinyumenyume. Alipaka kila dawa ya kuchua iliyouzwa sokoni, hata ile inayonuka mpaka mbuzi wanakupisha njia. "Ni uzee tu," watu walimwambia, na yeye akawaamini, hadi alipokutana na Lynnet, binti anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini Homa Bay. Lynnet hakumficha: gegedu la magoti, ile nyama laini inayozuia mifupa isisagane, limelika na halitarudi, lakini misuli ya mapaja bado inaweza kufundishwa kazi. Basi Jedidah akawa anaketi na kuinuka, anaketi na kuinuka, kwenye kiti cha mbao uani, kuku wakimtazama.

Na taabu yote hiyo ya nini? Ya Marcella.

Marcella alikuwa mke mwenzake, mkubwa wake, wote wawili wajane wa marehemu Elkanah. Karibu maisha yao yote waliishi boma moja wakirushiana vijembe: mara kuni, mara mpaka wa shamba, mara kuku aliyetagia upande usio wake. Kisha ikaja Sabato moja ya Meza ya Bwana, ambapo kina mama huingia chumba chao kutawadhana miguu kabla ya mkate na divai. Marcella alimjia na beseni, akapiga magoti, akamtawadha, akasema mbele ya wote, "Nyieka, mke mwenzangu, nisamehe." Jedidah alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Ila zamu yake ilipofika, magoti yaligoma. Kila robo mwaka, ibada hiyo iliporudi, yakagoma tena. Marcella alimwambia haidhuru, Mungu anaona. Lakini Jedidah alitaka Marcella ndiye aone, kabla mmoja wao hajafa.

Cha kumtia wivu, huyo Marcella, pamoja na umri wake na ugonjwa wa sukari, alikuwa ametoa ushuhuda majuzi kwamba moto uliokuwa ukimchoma nyayo umezimika. "Siku hizi sisikii kitu kabisa!" alisema, na kanisa zima likaitikia amina. Jedidah naye aliitikia, tena kwa sauti.

Sasa beseni likawekwa. Jedidah akashika ukingo wa benchi, akashusha goti la kulia, likalia, akashusha na la kushoto. Amefika! Wanawake walipiga vigelegele chumba kizima. Shemasi akawakumbusha kwamba hii ni ibada, halafu naye akapiga cha kwake.

"Nyieka, usivunjike hapa, nani atakubeba?" Marcella alisema, machozi yakimtoka.

"Nyamaza, leta mguu."

Mguu wa kulia ulitawadhwa vizuri, ukafutwa. Alipouinua wa kushoto, Jedidah aligusa unyevu kabla mguu haujafika majini. Akainamisha kichwa. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda, kimechimba ndani, kingo zake nyeupe, na harufu yake ikamfikia.

"Nyieka, hii ni nini? Husikii uchungu?"

"Uchungu wa wapi?"

Jedidah akabonyeza pembeni ya kidonda. Marcella aliendelea kutabasamu, akingoja kutawadhwa.

Hapo Jedidah akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Ule moto haukuzimika kwa kupona. Mguu ndio uliokuwa umekufa ganzi, na wao wakasema amina. "Acheni maji! Leteni gari!" alipiga kelele akiwa bado chini, na ilibidi kina mama wawili wamwinue. Mkate na divai viliwapita wakiwa njiani kuelekea Homa Bay.

Daktari alisema sukari imeharibu mishipa ya fahamu, na kwamba huenda Marcella alikanyaga mwiba au msumari asijue. Kuinama atazame nyayo zake, mgongo haukumruhusu tena. Wangekawia kidogo, alisema, wangekuwa wanazungumza habari za kukata. Marcella alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani na miguu yake yote miwili. Siku ile boma zima lilipika.

Sasa kila asubuhi kidonda husafishwa na kufungwa upya, kama muuguzi alivyoelekeza. Mke wa Gordon, mwanawe Jedidah, alijitolea kuifanya kazi hiyo, Jedidah akamfukuza. Angeweza pia kuketi kwenye kigoda, hataki. Anashusha goti moja, analaani kidogo, anashusha la pili, na uso wake unang'aa.

"Unajua huu ndio mguu nilikuwa napigia mlango wako teke?" Marcella alimuuliza juzi.

"Naujua sana," Jedidah akajibu, akiendelea kufunga bendeji. "Ndiyo maana sitaki waukate."