Bourbon ya Kuposea

Mchumba wangu aliponiambia ninunue juisi tu, nilikasirika. Juisi! Yaani nikapose na juisi kama naenda kumwona mgonjwa? Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, bado amevaa sare ya uuguzi. Alinitazama, akasema, "Haya, fanya unavyotaka," akageukia ukutani akalala. Laiti ningemuuliza sababu. Mimi nikaona ananidharau.

Kwetu milimani huposi bila pombe ya asali. Baba wa msichana humiminiwa, na kabla hajaonja humuuliza binti yake mbele ya watu: ninywe? Akisema kunywa, umekubaliwa. Akisema usinywe, mnabeba vitu vyenu mnarudi mlikotoka. Baba yake mchumba wangu alishafariki. Aliyemlea ni baba yake mdogo, naye aliishi Beltsville. Sasa pombe ya asali ningeipata wapi huku Maryland, Marekani? Nikaamua itakuwa bourbon, wiski ya Kimarekani, kwa kuwa niliambiwa hutengenezwa kwa mahindi, na mahindi tunayajua.

Aliyeniambia alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli ya Alexandria nilikokuwa nikiegesha magari ya wageni. Mmarekani mweusi, mwenyeji wa Bladensburg, Kiswahili alikisomea darasani na alikizungumza kama anasoma risala. Jumamosi moja mchana aliniita kwake, akapanga chupa tatu mezani.

"Ndugu yangu, tafadhali usiimeze kwa haraka," alisema. "Bourbon iliyo njema ni ile ambayo ukishaimeza, bado inaendelea kuzungumza."

Ya kwanza iliniwasha ulimi kama tangawizi mbichi. Akasema ni kwa sababu imetiwa rai nyingi, nafaka kali jamii ya ngano, na yeye ndiyo aipendayo kuliko zote. Mimi niliogopa mzee atadhani nimekuja kumchokoza. Ya pili ilikuwa na ngano, laini, tamu kama mkate wa moto, lakini ilipita kooni bila hata kunisalimu. Ya tatu ilikuwa imekaa miaka mingi ndani ya pipa lililochomwa kwa ndani. Ilinukia asali na moshi, ikatulia kifuani ikakaa huko. Nikasema, wee, hii hapa! Hii hata mzee akifumba macho atajiona yuko nyumbani.

Hata hivyo sikutulia. Wiki nzima nilijiuliza kama ningechukua ile ya ngano. Kazini niliegesha magari mahali pasipo pake mara mbili, nikafokewa. Siku yenyewe niliibana chupa kati ya magoti njia nzima, na wazee wawili walionisindikiza wakanicheka: "Kijana, si mtoto huyo!"

Mzee mwenyewe, yule baba mdogo, alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Niliiweka chupa mezani kwa maringo. Akaitazama. Mkewe akaniita jikoni upesi.

"Mwanangu, kwani hakukwambia?" alininong'oneza. "Huyu mzee ana miaka tisa hajaonja pombe. Ilibaki kidogo tumzike. Akionja hiyo, basi tena."

"Aki mama, sikujua."

Nilirudi mbio niiondoe. Nilichelewa. Mzee alishaifungua na kujimiminia mwenyewe kwenye glasi ya chai. Ile harufu ya asali na moshi niliyoisifu ilinipokea mlangoni, nikaichukia.

"Baba, tafadhali, tuiache hiyo," nilisema.

"Mila ni mila," alijibu bila kuniangalia. "Asije mtu akasema binti wa ndugu yangu alitoka hapa kikavukavu." Akaishika glasi. Akamgeukia mchumba wangu, aliyekuwa ameketi kando yake. "Binti yangu, ninywe?"

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Akisema kunywa, amempoteza baba. Akisema usinywe, amenikataa mimi mbele ya watu, na wazee wangu hawakujua lolote la jikoni. Na mimi ndiye niliyeleta yote hayo, kwa kiburi changu.

Mchumba wangu aliitazama glasi.

"Usinywe, baba," alisema.

Mmoja wa wazee wangu alishika koti lake. Lakini mchumba wangu alikuwa amesimama. Aliichukua glasi mkononi mwa mzee, yeye ambaye hajawahi kuonja hata bia, akaimaliza yote kwa mkupuo mmoja. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Nimekunywa mimi mwenyewe," alisema. "Inatosha?"

Mzee aliuangalia mkono wake mtupu.

"Inatosha," alisema. "Sasa mtuletee kitu cha kunywa."

Mchumba wangu akaenda kwenye friji akatoa juisi. Aliinunua jana yake, maana alijua nilivyo mbishi. Aliponimiminia sikuweza kumtazama usoni.