Mfalme Aliyeguswa

Fundi wetu wa cherehani hawezi kuona kitu kimekaa upande akanyamaza. Hata kwenye foleni ya benki huinyoosha kola ya mtu asiyemjua, na wengine humshukuru. Ugonjwa huo nusura umponze siku ya mechi ya kugombea kiti cha mwisho katika timu yetu ya sataranji, iliyokuwa ikisafiri kwenda mashindanoni mji mwingine. Tangu aolewe hajasafiri kwa jambo lake mwenyewe. Kila safari ni msiba au harusi ya watu. Kiti kile alikitaka kuliko kitu chochote, wala hakuficha.

Mpinzani wake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Kabla ya kuanza alimshauri Fundi arudi kwenye vifungo vyake mapema.

Ufunguzi wa Fundi tunaujua sote: humsogeza askari aliye mbele ya mfalme, hutoa farasi, kisha humficha mfalme pembeni, karibu na ngome. Akamsogeza askari, wifi akajibu. Hapo Fundi akaona mfalme wake hakukaa katikati ya mraba. Mkono ukaenda wenyewe kumnyoosha, bila kutamka kwanza kwamba anarekebisha.

"Umemgusa, mcheze," wifi akasema, akamwita mwamuzi.

Sheria ndiyo hiyo. Mfalme akatoka nje hatua ya pili tu, kama mtu aliyefukuzwa bafuni na povu mwilini, na akishatoka hana ruhusa tena ya kujificha. Fundi machozi yalimlengalenga. Mimi nilimchukia yule muuguzi waziwazi.

Wifi akanusa ushindi, akamkimbiza malkia wake peke yake kumwinda mfalme. Haraka haraka haina baraka. Kila farasi na askofu wa Fundi alitoka akimfukuza malkia, hadi malkia huyo akabanwa ukingoni, akaliwa. Wifi alitapatapa kidogo, kisha akatoa mkono kukubali kushindwa.

Fundi hakufurahi mara moja. Alitaka kujua kwa nini wifi yake hakumwachia kosa dogo namna ile, na wao ni ndugu.

"Ningekuachia, ungesafiri ukijiuliza kama nilikuhurumia," wifi akasema. "Sasa nenda. Watoto nitabaki nao mimi."

Fundi akacheka huku analia, akaanza kuuliza basi linaondoka saa ngapi.