Mzee wa Salamu na Chai Yake

Jamani, leo asubuhi nimelipiza kisasi na wala sijutii.

Niko kwenye hoteli ya chai hapa Kihesa, baridi inauma, nataka kikombe kimoja tu.

Mbele yangu mzee mmoja anamsalimia muuza chai. Kamwene! Mke hajambo? Mahindi je? Ng'ombe je? Mpaka ndama!

Foleni haisogei.

Alipopewa chai yake, nikamsogelea. "Kamwene, baba."

Huku kwetu salamu haikatwi, na hunywi kitu huku unasalimiwa. Akashusha kikombe, akajibu.

Kila akikinyanyua, namuuliza mtu mwingine wa nyumbani kwake.

Mara basi la Mbeya alilokuwa analisubiri likapiga honi. Akatoka mbio!

Chai yake nimeinywa yote. Au ningemwachia ndama?